JE, JINA LA MUNGU BADO NI JEMA?

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo, katika jina la Yesu Kristo. Bwana asifiwe!

Nimewasalimu katika jina, nanyi mmeitikia amina. Ndivyo tunavyofanya kila siku. Tunafungua ibada kwa jina la Mungu na tunaifunga kwa jina hilo. Tunabariki uji wa watoto kwa jina hilo, na kwa jina hilo tunawashusha wafu wetu kaburini. Sokoni mtu akikataa bei yetu tunaapa kwa jina hilo. Jina limezoeleka midomoni mwetu kama mpini wa jembe ulivyozoeleka mkononi.

Lakini vijana wetu katika vipindi vya Biblia wameanza kuuliza swali, na si vema wazee walinyamazie. Wanasema hivi: "Mchungaji, wale waliotufukuza makwetu nao walikuwa wanasali. Jina tunaloliita sisi ndilo waliloliita wao. Basi, jina hilo lina wema gani?"

Kijana anayeuliza hivyo asikemewe kwamba ameasi. Kanisa ambalo haliruhusu swali hili litawaacha watoto wake waende kulijibu peke yao gizani. Na tulitazame pamoja.

JINA NI ZAIDI YA SAUTI

Katika makazi yetu tunamwita Mungu kwa majina mengi. Warundi na Wanyarwanda husema Imana. Walio wa Lingala husema Nzambe. Wenyeji waliotupokea, Wanyankole, husema Ruhanga, na ukienda mbele kidogo Waganda husema Katonda. Majina hayo mawili yote yanatoka katika neno la kuumba. Jumapili tunakutana kwa Kiswahili, tunasema Mungu, na hakuna anayedhani kwamba jirani yake ameleta mungu mwingine kanisani.

Tukifungua Agano la Kale tunakuta Mungu ana jina lake mwenyewe, herufi nne za Kiebrania, ambalo limeandikwa humo zaidi ya mara 6,800. Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, wakawa wanasoma "Bwana" mahali pake. Ndiyo maana Biblia yetu ya Kiswahili imeandika BWANA kwa herufi kubwa. Waliosoma Biblia ya Kifaransa ya Segond wanakumbuka L'Éternel, yaani wa milele. Biblia ya Kirundi inasema Uhoraho, yeye aliyepo siku zote. Watafsiri hawa hawakukaa meza moja, lakini kila mmoja alijitahidi kulibeba jina lile lile kwa mzigo ambao lugha yake inaweza kuubeba.

Angalieni pia majina ya watoto wetu. Habimana maana yake Mungu yupo. Hakizimana, Mungu ndiye aokoaye. Bizimana, Mungu ndiye ajuaye. Kuna na majina ambayo yanamtaja Mungu bila kumtaja, kama Niyonzima, ndiye aliye hai. Vivyo hivyo Mkongomani amwitapo binti yake Asifiwe, hahitaji kueleza ni nani asifiwe. Wazee wetu wengi waliyatoa majina haya katika siku ngumu. Mtu aliyekwisha kuzika watoto watatu, wa nne akamwita Mungu yupo, alikuwa akishindana na kaburi.

Kwa hiyo tangu zamani watu wetu walijua jina ni zaidi ya sauti. Jina ni neno la kumtambulisha mtu: ni nani, ametoka wapi, unaweza kumtegemea kwa jambo gani. Tukiuliza kama jina la Mungu ni jema, tunauliza kama Mungu mwenyewe anaweza kutegemewa.

JINA LILITOLEWA UGENINI

Wazee wa Burundi na Rwanda wana methali inayosema kwamba Imana hushinda kutwa mahali pengine, lakini jioni hurudi kulala kwao. Methali hii ni tamu mtu akiwa nyumbani kwake. Lakini ukiwa umelala chini ya hema, mbali na mpaka, inaweza kukuchoma. Kama Mungu analala kule, sisi huku tuna nani usiku?

Hebu tumtazame Musa. Alipopewa jina la Mungu, katika Kutoka sura ya 3, alikuwa wapi? Hakuwa Misri alikozaliwa, wala hakuwa Kanaani, nchi ya ahadi. Alikuwa nyikani, akichunga kondoo wa mkwewe, Yethro wa Midiani. Alikuwa mtu aliyekimbia kwa kuogopa kuuawa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amemwita Gershomu kwa sababu, alisema, amekuwa mgeni katika nchi isiyo yake (Kutoka 2:22). Mungu angeweza kulitoa jina lake katika jumba la Farao mbele ya wenye cheo. Angeweza kusubiri mpaka Sulemani ajenge hekalu. Alilitoa ugenini, kwa mkimbizi, mbele ya kichaka.

Na maana yake ni nini? Musa alipouliza jina, Mungu alijibu kwa neno la kuwapo: Yeye yuko, naye atakuwako. Watu wenye elimu wamelieleza neno hili kwa kurasa nyingi, lakini jambo moja mtu yeyote anaweza kuliona akisoma mistari miwili juu yake. Katika mstari wa 12 Mungu amekwisha kumwambia Musa kwamba atakuwa pamoja naye. Kwa Kiebrania ni neno lile lile, ehyeh, linalorudi katika mstari wa 14 kama jina. Basi kuwako kwa Mungu siyo kuwako kwa mlima, ambao uko tu, hata kama hakuna anayeuhitaji. Mungu yuko pamoja na mtu.

Hata kabla ya Musa, jangwani kulikuwa na mwanamke. Hajiri alikuwa mjakazi, mjamzito, ametoroka mateso ya bibi yake, amekaa kando ya chemchemi katika njia ya kwenda Shuri. Malaika wa Bwana akamkuta pale, akamwita kwa jina lake. Naye Hajiri akampa Mungu jina: Mungu anionaye (Mwanzo 16). Hakuwa na ukoo wa kumtetea, hakuwa na karatasi, wala hakuna aliyekuwa akimtafuta ila Mungu. Akina mama mliovuka mpaka usiku na mimba tumboni, msimsome Hajiri kama mgeni. Ni dada yenu.

Baadaye, watu wa Yuda walipohamishwa kwenda Babeli, wengi walidhani utukufu wa Bwana umebaki Yerusalemu. Lakini Ezekieli aliuona kando ya mto Kebari, katikati ya waliohamishwa (Ezekieli 1). Kwa hiyo wazee wetu wangeniruhusu niiongezee methali yao: Imana hurudi kulala kwao, na kwao ni popote walipo watu wake.

WEMA ULIOMO NDANI YA JINA

Sasa tuingie katika wema wenyewe. Israeli walikuwa wametengeneza ndama wa dhahabu. Musa amevunja vile vibao. Watu wamekufa. Katika saa hiyo mbaya Musa anamwomba Mungu amwonyeshe utukufu wake. Mungu anajibu kwamba atapitisha wema wake wote mbele ya Musa, na kulitangaza jina lake (Kutoka 33:18-19). Sikilizeni vizuri: Musa ameomba utukufu, Mungu anaahidi wema, na wema huo unakuja kwa njia ya jina. Vitu hivi vitatu vimefungwa kamba moja.

Katika sura ya 34, mstari wa 6 na wa 7, jina linatangazwa. Mungu ni mwenye huruma na fadhili, si mwepesi wa hasira, amejaa rehema na kweli, anasamehe uovu na makosa. Hapo wengi wetu hufunga Biblia. Lakini tangazo halijaisha. Linaendelea kusema kwamba hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia.

Ndugu zangu, sehemu hii ya pili ni habari njema kwa mtu aliyepoteza watu wake. Mara nyingi tunahubiriwa msamaha na watu ambao hawakuzika mtu. Tunaambiwa Mungu ni mwema, kana kwamba wema maana yake ni kusahau. Jina la Mungu halisemi hivyo. Lina rehema, na pia linakataa kuuita uovu kitu kidogo. Kama lingekuwa na rehema bila haki, damu ya ndugu zetu ingekuwa maji. Kama lingekuwa na haki bila rehema, ni nani kati yetu angesimama? Maana sote tunajua mambo ambayo sisi wenyewe, au watoto wa nyumba zetu, tumeyafanya.

WALIOLITAJA WAKIUA

Sasa turudi kwa swali la vijana. Mwaka 1994 nchini Rwanda watu walikimbilia kanisa la Ntarama wakidhani ni mahali pa salama, wakauawa humo. Agosti 1998 watu waliuawa parokiani Kasika, Kivu ya Kusini. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa Gatumba, Burundi, na walionusurika walieleza kwamba washambuliaji walikuja wakiimba nyimbo za dini. Nimetaja mahali patatu kwa makusudi, ili kila mmoja wetu amkute mtu wake na amkute pia mtu wa jirani yake. Sitaki kuanza hesabu ya nani alianza. Nataka tukubali tu kwamba jambo hili lilitokea: watu walilibeba jina la Mungu mdomoni na panga au bunduki mkononi.

Wengine hujibu kwa mfano wa muhuri. Mtu akichonga muhuri wa ofisi na kuandika karatasi za uongo, kosa si la muhuri wa kweli. Tena hakuna anayeghushi kitu kisicho na thamani. Hakuna noti bandia ya pesa isiyonunua kitu. Kama watu waovu wanalitafuta jina la Mungu ili kuficha uovu wao, ni kwa sababu hata wao wanajua lina heshima.

Mfano huu ni mzuri, nami nautumia. Lakini kijana mwerevu atauliza tena: "Mwenye muhuri akimwona mwizi anaugonga, mbona hamshiki mkono?" Hapo mfano unakomea. Kwa nini Mungu hakuuzuia ule mkono siku ile, mimi siwezi kuwaambia, na mchungaji anayesema anaweza, mwulizeni alikuwa wapi siku hiyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Injili inalisema, nalo linanitosha kusimama. Tazameni kesi ya Bwana Yesu katika Mathayo 26. Kayafa, kuhani mkuu, anamwapisha kwa Mungu aliye hai. Yesu anajibu. Kuhani anararua mavazi yake na kusema amekufuru. Yaani Yesu alihukumiwa na watu waliosema wanalilinda jina la Mungu. Aliuawa kwa jina la Baba yake. Na usiku ule kabla ya kukamatwa alikuwa amekwisha kuwaonya wanafunzi kwamba saa inakuja ambapo atakayewaua atadhani anamtolea Mungu ibada (Yohana 16:2).

Basi, jina la Mungu linapotumiwa kuua, Mungu amesimama upande gani? Ijumaa ile Mungu hakuwa na Kayafa. Alikuwa na yule aliyefungwa mikono. Na siku ya tatu alimfufua aliyeuawa, hakumpa taji aliyemwua. Filipi sura ya 2 inasema jina lipitalo kila jina alipewa huyo aliyenyenyekea hata mauti ya msalaba. Kwa hiyo tusiseme waliokufa Ntarama, Kasika na Gatumba waliuawa na jina la Mungu. Waliuawa na watu walioliiba. Mwenye jina alikuwa pamoja na walioanguka, na hajaifunga kesi yao.

Hilo ndilo jibu langu kwa vijana. Halifuti machozi yote. Lakini linatuonyesha wema wa jina mahali unapopatikana: kwa Yesu, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni Bwana anaokoa, na ambaye utotoni alibebwa usiku kukimbilia Misri.

KULIBEBA JINA HAPA TULIPO

Amri ya tatu tumezoea kuielewa kama katazo la mdomo: usiape ovyo. Ni kweli, lakini neno la Kiebrania lililotumika pale, nasa, maana yake ni kuinua au kubeba. Ni kama Mungu anasema: usilibebe jina langu bure. Na katika Hesabu 6:27 makuhani wanaambiwa waliweke jina la Bwana juu ya wana wa Israeli. Ukibarikiwa, umetwikwa. Swali linabaki: unatembeaje na mzigo huo?

Ezekieli 36 inatutia hofu kidogo sisi wakimbizi. Mungu anasema kwamba watu wake walipofika kati ya mataifa walilitia unajisi jina lake, kwa kuwa mataifa waliwatazama wakasema: hawa ni watu wa Bwana, nao wametolewa katika nchi yake. Wenyeji walimpima Mungu kwa kuwapima wageni. Ndivyo ilivyo hata leo. Mwenye ng'ombe ambaye mbuzi wetu wameingia shambani mwake, mwenye duka aliyetukopesha sabuni, hao hawasomi Biblia yetu kwanza. Wanatusoma sisi.

Nitaje mambo matatu.

La kwanza ni kiapo. Mama anayeuza maharage aseme bei yake na ipite. Asimwite Mungu aje kuwa shahidi wa shilingi mia tano. Lakini kuna kiapo kizito zaidi, cha meza ya mahojiano. Najua nyumba nyingi hapa zinalea watoto wa dada au kaka aliyekufa, na hofu ya kuwaacha nyuma ni hofu ya upendo. Mtu huniambia, "Mchungaji, nikiapa kwamba nimemzaa mwenyewe, Mungu atanielewa." Dada yangu, Mungu anakuelewa, tena anakupenda kwa kumlea yatima huyo. Lakini usimfanye Mungu shahidi wa jambo ambalo halikuwa. Sema ukweli wake: huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu siku fulani, sina mwingine wa kumwachia. Ukweli huo una heshima yake. Na uongo mmoja ukigunduliwa unaweza kuiangusha familia nzima, na mtoto akabeba jina la kubuni maisha yake yote.

La pili ni biashara ya jina. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema wameonyeshwa kwamba kesi yako imekwama, toa pesa tuiombee kwa jina la Yesu, utaitwa mwezi huu. Katika Matendo 19 wana saba wa Skewa walilitumia jina la Yesu kama dawa ya kununuliwa, wakatoka mbio uchi na majeraha. Jina la Yesu halina bei. Anayeliuza hana ruhusa ya kulishika. Msiwape pesa ya chumvi ya watoto wenu.

La tatu ni mgao. Mwaka 2023 chakula katika makazi ya Uganda kilipoanza kutolewa kwa makundi matatu kulingana na hali ya kila nyumba, chuki nyingi ziliingia. Aliyepata alionekana mchawi wa aliyekosa. Hapo ndipo jina linapopimwa. Mkikaa mezani na kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa huku mjane wa ploti ya pili amelala njaa, jina mmelitaja, lakini mmelibeba bure. Kikombe kimoja cha unga kilichovuka njia kinalitakasa jina la Bwana kuliko mkesha mzima.

MAJINA YETU NA JINA LAKE

Neno la mwisho ni kwa wale ambao majina yao yamepotea. Wapo kati yetu walioandikwa vibaya siku ya kwanza mpakani, na mpaka leo wanaitwa kwa kosa la mwandishi. Wapo walioficha jina ili ukoo wao usijulikane njiani. Danieli na wenzake wanawajua. Hanania, Mishaeli na Azaria walifika Babeli na majina yenye jina la Mungu ndani yake, wakaandikwa upya Shadraka, Meshaki na Abednego. Hata sisi katika shule ya Jumapili tunawaita kwa majina ya Babeli. Lakini moto ulipowashwa ulionekana nani ni wao na wao ni wa nani. Wa nne alikuwa pamoja nao.

Daftari la ofisi linaweza kukukosea. Mungu amesema kwa kinywa cha Isaya kwamba amekuita kwa jina lako, wewe ni wake (43:1). Yeye hakuulizi namba.

Basi, jina la Mungu bado ni jema? Naam, ni jema, kwa sababu mwenyewe yuko pamoja nasi, ana huruma, na hatauacha uovu bila hukumu. Kwetu imebaki kazi ya kulibeba ili jirani akitusikia tunalitaja asiogope.

Wazazi, juma hili kaeni na watoto wenu jioni. Waelezeni majina yao yana maana gani, nani aliwapa, na siku hiyo mambo yalikuwaje. Kisha waulizeni: watu wanaotuzunguka wamemfahamu Mungu wa namna gani kwa kuitazama nyumba yetu? Msikimbilie kujibu ninyi. Waacheni watoto waseme.

Baba yetu, jina lako liliibwa na wengi, nasi tumeumizwa nalo. Litakase tena kati yetu. Wakumbuke walioanguka wakikuita. Utupe kusema kweli na kugawana kidogo tulicho nacho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mbarikiwe nyote.

Ni mimi ndugu yenu na mkimbizi mwenzenu katika Kristo,
Mchungaji